Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Parachichi Zetu na Safari ya Bahari

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2024. Masuala ya ada, vikao na wanachama wapya yamo katika taarifa ya Katibu, na hesabu zimo katika taarifa ya Mweka Hazina, kwa hiyo sitayarudia. Nafasi hii nitaitumia kueleza jambo lililoamua malipo ya kila mmoja wetu msimu huu, nalo ni muda ambao parachichi la Njombe hukaa ndani ya kontena la jokofu kabla ya kufika kwa mnunuzi.

Mnakumbuka kwamba tarehe 19 Novemba 2023 meli ya Galaxy Leader ilitekwa katika Bahari ya Shamu, na kwamba kufikia katikati ya Desemba kampuni kubwa za meli, zikiwemo Maersk, MSC na Hapag-Lloyd, zilisitisha kupitisha meli zake Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa bahari hiyo. Wengi walitarajia hali itulie kabla matunda hayajakomaa, lakini haikutulia. Shehena zetu za Ulaya zimelazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na safari imerefuka kwa wiki moja hadi mbili, na wakati mwingine zaidi, kutegemea kontena linahamishiwa meli nyingine katika bandari gani na linaisubiri meli hiyo kwa muda gani. Malalamiko mengi yaliyonifikia yalihusu nauli kupanda. Kwa maoni yangu, nauli ndiyo sehemu nyepesi ya tatizo hili, kwa sababu inajulikana kabla ya kupakia na mtu anaweza kuiingiza katika mapatano ya bei. Siku zilizoongezeka hukatwa katika uhai wa tunda lenyewe, na hasara yake haionekani mpaka milango ifunguliwe huko Rotterdam.

Naomba tuelewane hapa, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba jokofu ni jokofu. Minofu ya sangara iliyogandishwa husafiri kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri, na ikidumu hapo, wiki moja zaidi baharini haiibadilishi sana. Parachichi linaendelea kupumua baada ya kuchumwa. Linatumia oksijeni, linatoa kabonidayoksaidi na joto, na likianza kutoa gesi ya ethilini huiva na kuwaivisha jirani zake. Parachichi letu la aina ya Hass husafirishwa kwenye nyuzi joto kati ya 5 na 7. Ikizidi hapo tunda hulainika njiani, na ikishuka mno kwa muda mrefu nyama yake hupata madoa ya kijivu yanayosababishwa na baridi. Alama moja ya kutoa ikiandikwa kwa bahati mbaya mbele ya 6, kontena zima hugandishwa. Ndiyo maana tumemtaka msimamizi wa upakiaji aisome namba kwenye kioo cha mashine kwa macho yake, asitegemee karatasi ya kuagizia kontena.

Jambo la pili ambalo halijaeleweka vya kutosha ni kwamba mashine ya kontena imetengenezwa kulinda baridi iliyokwisha kuwepo. Haina nguvu ya kupoza haraka tani zaidi ya 20 za matunda yaliyotoka shambani yakiwa na joto la jua. Kontena la futi 40 hubeba kwa kawaida paleti 20, yaani katoni zipatazo 5,280 za kilo 4 kila moja. Hewa baridi hupulizwa kutokea chini, katika mifereji ya sakafu, ikapanda katikati ya katoni na kurudi kwenye mashine kupitia juu. Matundu ya katoni yasipokaa sawa, au mzigo ukivuka mstari mwekundu uliochorwa ukutani, hewa hukosa njia na paleti za karibu na mlango hubaki na joto lake. Tunda linapaswa kupozwa kwa hewa ya kusukumwa katika ghala la baridi hadi kiini chake kifikie joto la safari, kisha ndipo lipakiwe. Njombe kuna baridi, hilo ni kweli, lakini kreti iliyoachwa pembeni mwa shamba kuanzia saa 5 asubuhi hadi gari lifike jioni haipozwi na baridi ya Njombe.

Kisha kuna barabara. Kutoka Njombe hadi bandari ya Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 700, kupitia Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi, Morogoro na Chalinze. Njia yote hiyo kontena hutegemea jenereta iliyofungwa kwenye gari, na joto la nje hupanda mara tu gari linapoteremka Kitonga, wakati foleni za mizani bado ziko mbele. Msimu huu shehena moja ya wanachama wetu ilikataliwa kwa sehemu kubwa baada ya kufika. Kifaa cha kurekodi joto kilichowekwa katikati ya paleti kilionyesha mstari ulionyooka karibu na nyuzi 6 kutoka ghalani, ukapanda taratibu usiku wa safari ya barabara hadi kupita nyuzi 14, ukashuka tena baada ya kontena kuchomekwa umeme bandarini. Jenereta ilikuwa imezimika na dereva hakutoa taarifa. Meli na bandari walipokea kontena likiwa linafanya kazi, na karatasi zao zote zilikuwa safi. Bila kifaa hicho tungeendelea kuilaumu bahari. Madai yetu dhidi ya msafirishaji husika bado yanashughulikiwa, kwa hiyo sitasema zaidi.

Ni kwa sababu hiyo Kamati Tendaji inapendekeza kwamba kila kontena la wanachama liwe na vifaa viwili vya kurekodi joto, kimoja karibu na mashine na kingine karibu na mlango, na kwamba mkataba wa usafirishaji umlazimishe dereva kukagua jenereta na kuandika joto katika kila kituo atakachosimama. Gharama ya vifaa hivyo ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya katoni 5,280.

Kuhusu hewa iliyodhibitiwa, ambapo oksijeni ndani ya kontena hupunguzwa kutoka asilimia 21 ya hewa ya kawaida hadi asilimia chache tu na kabonidayoksaidi kupandishwa ili tunda lipumue polepole, msimamo wangu umebadilika mwaka huu. Wakati meli zilipopita Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez niliona ni gharama inayoweza kuepukwa kwa baadhi ya shehena. Kwa njia ya Rasi siioni tena kuwa hiari, na wanachama wanaoendelea kupakia katika kontena za kawaida kwa ajili ya Ulaya wanacheza bahati nasibu kwa jina la chama.

Hata hivyo, hewa hiyo haimsaidii aliyechuma tunda changa. Kiwango cha Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya kinataka Hass iwe na mada kavu, yaani kile kinachobaki maji yote yakikaushwa, isiyopungua asilimia 21 ya uzito wa nyama, na aina ya Fuerte asilimia 20. Kipimo chake si kigumu: vipande vyembamba vya nyama hupimwa uzito, hukaushwa kwenye oveni ya maikrowevu mpaka uzito usipungue tena, kisha hupimwa upya. Tunda lisilofikia kiwango haliivi, hunywea na kuwa kama mpira. Kila mwaka madalali hupita vijijini mapema wakisaka matunda, kwa sababu bei ya Ulaya huwa nzuri kabla Peru haijamimina mavuno yake sokoni. Ninaielewa njaa ya fedha ya mwanzo wa msimu, lakini katoni za tunda changa zilizochanganywa na zetu huharibu jina la kontena zima.

Masoko ya Asia nitayagusa kwa ufupi. India imetufungulia milango, na makubaliano ya parachichi mbichi na China yalitiwa saini Beijing mwezi Novemba 2022. Njia zote mbili hazipiti Bahari ya Shamu, na hiyo ni faida. China hutaka mashamba na viwanda vya kufungashia visajiliwe na mamlaka yake ya forodha, na wanachama ambao hawajaanza taratibu hizo kupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu waanze sasa.

Naomba Mkutano Mkuu upokee taarifa hii na upige kura leo juu ya maazimio matatu: vifaa viwili vya kurekodi joto kwa kila kontena, kipimo cha mada kavu kwa kila shamba kabla ya kuchuma, na kusimamishwa kwa msimu mmoja kwa mwanachama atakayepakia tunda lililoshindwa kipimo. Azimio la tatu lilipingwa na baadhi ya wajumbe wa Kamati, na nimewaomba watoe hoja zao mbele yenu kabla ya kura.