Injini ya mashine ya kusaga na dinamo yako

Mpendwa swahiba,

Salamu nyingi kutoka Morogoro, shemeji yako naye anakusalimu. Nimefurahi kusikia ile injini ya mashine ya kusaga hukuiuza chuma chakavu, na kwamba unataka ikuzungushie dinamo upate umeme wa nyumbani.

Sasa hiyo dinamo ya kilowati 10 unayoitamani kwa kuwa ni ya bei poa, iache. Dinamo haizai nguvu, inatoa inachopewa na injini. Injini yako hiyo, S195, ni ya nguvu farasi 12, sawa na kilowati 9 hivi kwenye shafti, na hapo mkanda na dinamo yenyewe havijala chao. Friza na pampu ya kisima navyo vikianza huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Mafundi hukadiria farasi 2 kwa kilowati 1, basi kwako mwisho ni kilowati 6; chukua dinamo ya kilowati 5, ubaki na akiba. Hiyo ya 10 itazunguka, ila mkiizidishia mzigo injini itatoa moshi mweusi na taa zitafifia.

Penye kazi hasa ni mwendo. Injini yako inaenda mizunguko 2000 kwa dakika, na dinamo ya poli 4 (yaani ncha 4 za sumaku) inataka 1500 ili itoe hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde. Ukifunga puli (magurudumu ya mkanda) zinazolingana, hezi zitafika karibu 67 na volti zitapanda nazo, ukaunguze vitu. Funga ya inchi 6 kwenye injini na ya 8 kwenye dinamo. Wapo watakaokwambia uipunguze injini hadi 1500 uunge moja kwa moja. Itaenda, lakini na nguvu itashuka. Bila mzigo iache kwenye hezi 52 hivi, pampu ikiingia itateremka yenyewe. Volti zikiwa chini, usimruhusu fundi azitafute kwa kukaza gavana, kile kidhibiti cha mwendo wa injini, maana hezi zitapanda.

Chenjiova, swichi ya kuchagua umeme wa laini au wako, ni lazima, siyo ya kujadili: umeme wako ukirudi kwenye laini unaweza kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo. Na injini ibaki kule kule bandani, mbali na madirisha, maana moshi wake una sumu. Kelele zake unazijua. Mtaa mzima utajua kwako kunawaka.

Kabla hujatoa hela, nipimie kipenyo cha puli iliyomo kwenye injini. Kama ni ile ya zamani na bado nzima, zidisha kwa 2000, gawanya kwa 1500, utapata ya kutafutia dinamo.

Wasalaam,
Rafiki yako