Ndoa kuu ya Ngazija isihukumiwe kwa dhahabu peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako makala iliyohusu ndoa kuu ya Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, ile ambayo wenyewe huiita anda, nami naomba nafasi niseme neno. Mwandishi ameeleza kwa urefu dhahabu aliyovikwa bi harusi, ng'ombe waliochinjwa na deni alilobaki nalo bwana harusi, kisha akakata shauri kwamba huo ni ufujaji wa watu maskini wasiojua thamani ya fedha. Deni lipo na dhahabu ipo, wala sina haja ya kuyakanusha hayo. Ninachokipinga ni kuitazama harusi hiyo kana kwamba ni tafrija ya familia moja iliyoamua kujionyesha, ilhali kwa Mngazija ni shughuli inayoanza kuandaliwa mtoto akiwa bado anacheza uani, na inayougusa mji mzima kwa miaka mingi baada ya wageni kuondoka.

Nasema hivi nikiwa Mzanzibari mwenye damu ya huko. Bibi yangu mzaa mama alivuka kutoka Ngazija akiwa msichana, akazeeka Unguja, na hatukuacha kutembeleana na ndugu zake. Sisi wa hapa hatuna sababu ya kuizungumzia Komoro kama nchi ya mbali. Sayyid Ahmed bin Sumeit, kadhi ambaye jina lake bado linatajwa kwa heshima katika madrasa zetu, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, akafariki Unguja mwaka 1925. Taarabu yetu nayo ilivuka kwenda kwao, wanaiita twarab, na anda kwa kawaida huwa na usiku wake wa twarab.

Nianze na nyumba, kwa sababu makala haikuitaja kabisa. Ngazija mwanamke ndiye mwenye nyumba. Ardhi ya ukoo inayoitwa manyahuli hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, haiuzwi, na mwanamume anapooa ndiye anayehamia kwa mkewe. Ndoa ikivunjika, anayefunga mizigo yake ni mume. Kwa hiyo mzazi mwenye binti mkubwa hujua tangu mapema kwamba atamjengea, na hujenga kwa kadiri ya mkono wake: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta za chumba kimoja, kisha kazi inasimama hadi fedha nyingine ipatikane. Mgeni anayepita barabarani huona nondo zimechomoza juu ya paa zikishika kutu, akadhani mwenyewe ameshindwa. Nyumba ya binti wa mama yangu mdogo niliiona kwanza ikiwa na chumba kimoja kisicho na mlango, mbuzi wakijikinga mvua ndani yake, wakati yule mtoto alikuwa bado shule ya msingi. Niliporudi kwa anda yake ilikuwa na sebule, vyumba vya kulala, na birika kubwa la kuvunia maji ya mvua, maana kisiwa kile hakina mto, maji yote ya mvua humezwa na mawe ya volkano ya Karthala. Huyo bi harusi leo ana watoto, na hakuna awezaye kumtoa pale. Ikiwa huo ni ufujaji, basi sijui akiba ni nini.

Siku chache kabla ya harusi mama mdogo alinikalisha mkekani akanifungulia daftari lake. Lilikuwa daftari la kawaida la shule lenye jalada la karatasi ya kaki, limechakaa pembeni kwa kushikwa. Upande mmoja aliandika alivyopokea, upande wa pili alivyotoa: majina, magunia ya mchele, mbuzi, vitenge, fedha taslimu, na mstari wa kalamu nyekundu juu ya kila kilichokwisha kurudishwa. Alinionyesha magunia mawili ya mchele aliyoletewa na jirani wakati wa anda ya dada yake, miaka mingi iliyopita. Yule jirani alifariki bila kurudishiwa. Binti yake alipoolewa, mama mdogo alipeleka magunia mawili, akachora mstari wake mwekundu siku hiyo hiyo, na hakuna aliyekuwa amemkumbusha. Nimefanya kazi ya uhasibu kwa muda mrefu, nami nakiri sijaona hesabu iliyotunzwa kwa uaminifu kuliko ile. Makala ilihesabu gharama kama fedha iliyotupwa baharini. Sehemu kubwa ya kile kilicholiwa siku ile kilikuwa ni deni linalorudi, au akiba inayowekwa kwa jirani ambaye binti yake bado hajaolewa.

Tena iko sehemu ya mji. Bwana harusi hatoi kwa upande wa mke tu; anatoa pia kwa hirimu yake, yaani watu wa rika lake, na kwa mji wenyewe. Fedha za namna hiyo, pamoja na michango ya Wangazija waliohamia Ufaransa, ndizo zilizojenga misikiti, madarasa na barabara katika miji ambayo serikali ilichelewa kuifikia. Nakumbuka alfajiri ya siku ya nyama: wanaume wamechuchumaa mbele ya mafungu yaliyopangwa juu ya majani ya migomba, na mzee mmoja akitaja kwa sauti kila kundi na fungu lake, bila karatasi. Fungu lililokosewa linaweza kuzua ugomvi wa miaka. Uani, wanawake walikuwa wakisaga msindzano, yaani mti wa msandali, kwenye kipande cha tumbawe kwa maji kidogo kidogo, mpaka ukawa uji wa manjano, wakajipaka usoni kama sisi tunavyojipaka liwa, huku wakipanga nani atapika nini na nani ataazima masinia kwa nani. Nimeikumbuka asubuhi ile kuliko hata ile iitwayo ukumbi, siku ambayo bi harusi huketi na dhahabu yake wanawake wakaja kumtazama.

Baada ya kusema hayo, sitaki Mhariri anifikirie kuwa mtetezi wa kila kitu. Liko jambo linaloniuma katika anda, nalo makala ililipita bila kuliona. Mwanamume aliyefanya anda huitwa mndrumdzima, yaani mtu mzima, naye huvaa shali ya mharuma mabegani, huketi mbele msikitini na hupata kauli kwenye bangwe, ule uwanja wenye mabaraza ya mawe ambapo mambo ya mji hukatwa. Asiyefanya hubaki kuwa mwana wa mji hata mvi zikijaa kichwani. Katika mji wa mama mdogo nilimkuta mwalimu mstaafu aliyewasomesha karibu wanaume wote waliokuwa wakizungumza siku ile. Suala lilikuwa ni paa la shule. Yeye ndiye aliyekuwa akijua vyema ubovu wa paa lile, lakini hakufanya anda, mshahara wake uliishia kwa wadogo zake, hivyo alikaa nyuma kimya wakati kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, aliyerudi kutoka Marseille, Ufaransa, na kukamilisha anda mwaka uliotangulia, akitoa maoni. Baadaye kijana huyo alikwenda kumwuliza mwalimu faraghani, na hilo lilikuwa la adabu. Hata hivyo mji uliopoteza sauti ya mtu kama yule hadharani umepata hasara kubwa kuliko ya ng'ombe yeyote aliyechinjwa.

Wapo watakaosema dawa ni kupiga marufuku. Hilo limekwisha kujaribiwa. Ali Soilih, aliyetawala Komoro kuanzia Januari 1976, alilitangaza anda kuwa adui wa maendeleo akalipiga marufuku na kuwavua wazee hadhi yao. Alipopinduliwa Mei 1978 na mamluki wa Mfaransa Bob Denard, anda lilirudi mara moja, na naamini lilirudi na ubishi, kwa sababu watu walikuwa wameonyeshwa kwamba linaweza kuchukuliwa. Nayaheshimu baadhi ya madhumuni ya Ali Soilih kwa vijana na wanawake, lakini alitaka kung'oa kwa amri kitu ambacho mizizi yake imo ndani ya daftari la kila mama.

Kilichobadilika tangu wakati huo ni dhahabu, na hapo ndipo nakubaliana na mwandishi wako. Yuro moja hubadilishwa kwa takriban faranga 492 za Komoro, kiwango kilichofungwa tangu yuro ilipoanza, na kwa hiyo mshahara wa mfanya usafi wa Marseille, ambao kule haumtoshi, ukifika Ngazija unapandisha kipimo cha kila harusi itakayofuata. Julai na Agosti jamaa wa Ufaransa huteremka kwa wingi, harusi hufuatana usiku hadi usiku, na kijana aliyebaki kisiwani akilima vanila au kuchuma langilangi alfajiri hutakiwa afike pale walipofika wao. Mchele, mbuzi na saruji huzunguka ndani ya mji. Dhahabu inanunuliwa nje, na fedha yake hairudi kwenye daftari la mtu yeyote. Ninavyoona mimi, watu wazima wale wale wenye uwezo wa kumtoza faini mtu aliyevunja mila, hata kumtenga na shughuli za mji, wanao pia uwezo wa kuweka ukomo wa dhahabu, na wa kumruhusu asiyefanya anda kusema panapokuwa na suala analolijua. Mila ni yao na bangwe ni lao. Mtu wa nje, akiwemo mimi niliyezaliwa Unguja, anaweza tu kuomba.

Nawe Mhariri, nina ombi dogo. Ukituma mwandishi tena Komoro, usimtume Agosti pekee. Mtume Februari, mvua zinapojaza mabirika na harusi zimekwisha, akae na wanawake wenye madaftari, azungumze na wale wanaoketi nyuma kwenye bangwe, akavuke pia visiwa vingine vya Komoro, Nzwani na Mwali, ambako ndoa haipandishi daraja kwa namna hii na ambako kuna mengi ya kuandika yasiyohusu mapinduzi wala mashua zilizozama. Mama yangu mdogo bado analo daftari lake, na sasa ameanza ukurasa mpya kwa ajili ya mjukuu wake wa kike, ambaye ana miaka minne.

Wako mtiifu,
Mjukuu wa Mngazija,
Mji Mkongwe, Unguja