Tyubu karibu initoe kidole

Mhariri, assalam alaykum. Mie fundi wa kukereza huku Wete, mashine iko uani na juu yake taa moja ya tyubu ya zamani, ile ya choki (koili ya kuiwashia). Juzi usiku nakereza mguu wa kitanda nikaona mti umesimama, kumbe unazunguka na mkono ushafika! Umeme wetu wa 50Hz, yaani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na tyubu inapepesa kwenda na kurudi, mara 100 kwa sekunde, sasa mti wa pembe nne ukizunguka mara 1500 kwa dakika kila mpepeso pembe ishahamia pahala pa mwenziwe, we unaona umetulia tu. Nshanunua LED ya shingo ya kupinda, naimulika kwa ubavuni kivuli kisinizibe. Dukani niliziangalia kwa kamera ya simu, zenye mistari myeusi ndo zinazopepesa, nkaziacha. Wauzaji mbona hamtwambii?

Fundi, Wete, Pemba