Barua kwa Masanja: kiwanda cha makombora na linta ya pamba

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Mpendwa rafiki yangu Masanja,

Salamu nyingi kutoka pwani. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na kwamba mvua za Bariadi mwaka huu zimekuja kwa wakati. Huku sote wazima, ila joto limekosa adabu.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Umesikia Wajerumani wamefungua kiwanda kikubwa cha makombora ya mizinga, kisha ukasikia uhaba bado upo, na kuna dalali kakunong'oneza kwamba linta, yale manyoya mafupi ya kwenye mbegu za pamba, inatafutwa Ulaya kwa udi na uvumba. Sasa unataka kufunga mashine ya kunyoa mbegu kabla ununuzi haujafunguliwa Mei. Subiri kwanza, usisaini kitu.

Kiwanda hicho ni cha Rheinmetall, kampuni ya silaha ya Ujerumani, kipo Unterlüß, kaskazini mwa Ujerumani. Jiwe la msingi liliwekwa Februari 2024, kikafunguliwa Agosti 2025. Kwa kazi ya aina ile hizo ni mbio kweli kweli. Lakini tazama hesabu waliyoitangaza wenyewe: makombora 25,000 mwaka wa kwanza, na 350,000 kwa mwaka ifikapo 2027. Maana yake siku ya kukata utepe mzigo mkubwa ulikuwa bado haujaanza kutoka. Mashine mpya hurekebishwa kwa miezi, mafundi wanafundishwa, na makundi ya kwanza hupigwa majaribio kabla mnunuzi hajayapokea. Nchi za Ulaya ziliahidi Ukraine makombora milioni moja kati ya Machi 2023 na Machi 2024. Machi ikafika, hesabu haijatimia.

Kinachowasumbua ni kwamba kombora la milimita 155 hutoka kwenye viwanda kadhaa, siyo kimoja. Kuna mwili wa chuma, kilipuzi cha ndani, fyuzi ya kichwani ya kukilipua, baruti ya kulisukuma litoke kwenye mzinga, na kiwashio cha kuiwasha hiyo baruti. Ukiwa na miili laki tatu na baruti ya laki moja, una makombora laki moja.

Chuma ndicho wapiga picha wanachokipenda. Kipande kinapashwa moto kupita nyuzi 1,000, kinatobolewa na kuvutwa kikiwa chekundu, kinakerezwa, kinabanwa upande wa kichwa, kisha kinavishwa pete ya shaba inayoshika mifereji ya mtutu ili kombora lizunguke. Ni kazi nzito, ila anayetengeneza vyuma vikubwa anaweza kuijifunza. Wamarekani nao walifungua kiwanda cha sehemu hii Mesquite, Texas, Mei 2024.

Kujaza ndani ni shughuli nyingine. Kombora la zamani la Marekani, M107, lina uzito wa kilo 43 hivi, na kilipuzi cha humo ndani, TNT, hakifiki kilo 7. TNT huyeyuka kwenye nyuzi 80, kwa hiyo humiminwa kama uji. Ikipoa haraka hujikunja na kuacha mashimo na nyufa. Shimo hilo ni balaa, kwa sababu kombora linapofyatuliwa kishindo hukandamiza kilichomo, na shimo likibanwa ghafla kombora linaweza kulipuka ndani ya mtutu. Ndiyo maana hupoozwa polepole na kupigwa eksirei. Halafu TNT yenyewe ipo wapi? Marekani iliacha kuitengeneza miaka ya 1980, ikawa inanunua nje, hadi Novemba 2024 ilipotoa mkataba wa dola milioni 435 kujenga kiwanda kipya Kentucky. Miaka arobaini hivi bila kiwanda, kisha wanashangaa kuna foleni.

Sasa tuje kwenye pamba yako.

Baruti ya kisasa msingi wake ni nitroselulosi, na nitroselulosi mara nyingi hutokana na linta, yale manyoya mafupi yanayobaki kwenye mbegu baada ya jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, kuondoa pamba nyuzi. Aprili 2024 mkuu wa Rheinmetall, Armin Papperger, alisema zaidi ya asilimia 70 ya linta ya Ulaya inatoka China. Nadhani uvumi uliokufikia ulizaliwa hapo.

Lakini kati ya jineri na kiwanda cha makombora kuna milango mingi. Linta huchemshwa na kostiki soda chini ya mgandamizo ili mafuta na nta vitoke, hupaushwa, ibaki selulosi tupu, yaani nyuzi safi za mmea. Hiyo ndiyo inayoingizwa kwenye asidi ya nitriki na sulfuriki. Kisha huoshwa na kuchemshwa tena na tena, maana asidi ikibaki kwenye nyuzi huendelea kuila pole pole. Baruti iliyokamilika huwekewa kemikali ya kuituliza, nayo huisha kwa miaka, na huisha upesi zaidi kwenye ghala lenye joto. Ikiisha, baruti inaweza kujiwasha yenyewe bila mtu kuigusa.

Kwa hiyo kiwanda cha Unterlüß hakitanunua linta kwako. Mteja wako ni yule anayepika selulosi, na yeye ataanza na maswali ambayo dalali wako hakuyagusa. Ni mkato wa kwanza au wa pili, yaani mbegu zimenyolewa mara ya kwanza au zimerudiwa? Wa kwanza una nyuzi ndefu kidogo, kazi yake ni kujazia magodoro; wenye kemikali wanataka wa pili. Kuna vipande vya maganda kiasi gani? Mchanga je? Na kubwa kuliko yote kwetu sisi: nyuzi za plastiki. Mkulima akiweka pamba mbegu kwenye kiroba cha salfeti, vinyuzi vyake vinaingia kwenye mzigo, na kostiki soda haiviyeyushi. Shehena nzima inaweza kukataliwa. Anza na mifuko kwenye AMCOS zako, vyama vya ushirika vya wakulima, kabla ya kuwaza mashine.

Upande wa kiasi, viwanda vya mafuta vya Marekani huhesabu linta kuwa takribani asilimia 9 ya uzito wa mbegu, mikato yote pamoja. Tani 1,000 za mbegu ni tani 90 kwenye karatasi. Wewe piga hesabu ya chini zaidi, kwa sababu mbegu hazilingani manyoya na hakuna anayenyoa hadi ngozi. Ondoa pia mbegu za kupandia. Mashine yenyewe inakula umeme, na misumeno yake inataka kunolewa mara kwa mara. Ikiwa butu, inavunja maganda badala ya kunyoa. Weka sumaku kwenye njia ya mbegu, maana msumari mmoja ukigonga msumeno unatoa cheche ndani ya vumbi la pamba. Wafanyakazi wavae barakoa za maana, vumbi lile huharibu mapafu.

Jambo jingine: hata linta yako ikiwa safi, kubadilisha chanzo cha malighafi ya baruti kunadai majaribio ya kufyatua kwenye joto na kwenye baridi, wakipima mgandamizo na kasi. Hayo hayaishi kwa wiki. Ndiyo maana mimi ningewatafuta kwanza wanunuzi wengine wa linta: karatasi za noti, plastiki ya asetati, viungo vya kuzitia uzito rangi na vyakula. Soko la vita likija, likukute tayari una mteja.

Na huyo aliyekuambia mtengeneze nitroselulosi hapo hapo Simiyu, mkimbie. Linta ni pamba tu, hatari yake ni moto wa kawaida. Nitroselulosi husafirishwa ikiwa imeloa, maji au spiriti angalau asilimia 25. Tianjin, China, Agosti 2015, ilikaukia ghalani kwa joto, ikajiwasha, moto ukafikia kemikali za jirani. Watu 173 walikufa au kutoweka. Hapa kwetu wakazi wa Mbagala wa Aprili 2009 na Gongo la Mboto wa Februari 2011 hawahitaji kuelezwa ghala la silaha likilipuka huwaje.

Chukua kilo tano za linta kutoka jineri yoyote inayonyoa, zipeleke maabara wapime selulosi, majivu na mafuta. Majibu yakitoka nipigie picha ya karatasi unitumie, na umuulize dalali jina la kiwanda kinachonunua, siyo jina la nchi.

Msalimie sana mama mkwe.

Rafiki yako,
Idrisa