Mwanangu, kichwa kinauma?

Mwanangu mpendwa,

Jana ulipopiga simu nilikuitikia marahaba ya haraka kwa sababu nilikuwa kwenye zamu, lakini sauti yako niliisikia. Leo dada yako, aliyekuletea chakula huko chuoni Kent, kaniambia tangu mrudi kutoka mechi ya Buffalo unashinda na mapazia yamefungwa na chakula hukigusi. Kichwa kinauma? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Mechi 12 za futiboli ya Kimarekani msimu huu, zote mmefungwa. Hapa Columbus kuna mwenzangu kazini huniuliza habari zenu kila wiki kwa sauti ya kutoa pole ya msiba. Sioni haya hata kidogo. Siku mliyocheza na chuo cha Tennessee, mlipofika mapumziko mko nyuma pointi 65 kwa bila, nilimwambia mdogo wako azime televisheni. Nikaenda jikoni, nikarudi nikaiwasha mwenyewe. Namba ya jezi yako bado ilikuwa inakimbia. Ikaisha 71-0, na wiki iliyofuata Penn State wakawafunga 56-0, nawe ukacheza vilevile. Umewakaba watu wasiopita kwenye mlango wetu.

Lakini nimeangalia sana msimu huu, na nimeona jambo. Washambuliaji wenu hawakai na mpira. Wanajaribu mara tatu kusonga mbele, wanashindwa, wanaupiga teke kwa wapinzani, na nyinyi walinzi mnarudi uwanjani jasho halijakauka. Anayefungwa ndiye anayegongwa zaidi. Watafiti wa Boston mwaka 2017 walikuta maradhi ya ubongo yanayotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara kwa wachezaji 110 kati ya 111 wa ligi ya kulipwa ambao ubongo wao ulichunguzwa baada ya kufa. Najua utasema ubongo huo ulitolewa na familia zilizokuwa tayari na wasiwasi. Na mimi ni familia yenye wasiwasi.

Je, ulitapika? Dada yako hakutaka kunijibu.

Unaficha kwa sababu unaona ukikaa benchi sasa watasema umewatoroka wenzio. Huko kuficha najua ulikokutoa. Habari ya mkono wako uliouficha kule Tanga siitaji hapa. Asubuhi ile nilikuwa nachelewa, na neno nililokuambia mlangoni ningelirudisha kama maneno yanarudi.

Chuo cha Northwestern walifungwa mechi 34 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na mwaka 1995 wakawa mabingwa wa Big Ten, ligi yao ya vyuo. Waliofungwa siku zile walikuwa watu wazima wenye watoto walipoliona kombe. Timu yenu nayo itapata siku yake, wewe ukiwepo au usipokuwepo.

Na lile somo la takwimu ulilosema utalirudia, umejiandikisha? Wiki tatu hukunipigia, nikawa nasoma afya yako kwenye matokeo ya mechi.

Kesho nenda kwa daktari wa timu. Usimwambie uko sawa. Mweleze mwanga unavyokuumiza, usingizi, na kama ulitapika, mwambie mara ngapi. Ukitoka tu nipigie, hata nikiwa kazini nitapokea.

Baba yako mdogo atapita kukuchukua Jumapili, wewe usiendeshe gari. Hita ya chumba chako imetengenezwa, nimebadilisha na pazia, hili jipya ni zito. Bibi yako anasalimia, anataka picha yako bila helmeti. Unga wa ugali umeisha, mwambie baba yako mdogo apitie dukani. Na ile sufuria yangu kubwa uliyoondoka nayo mwezi wa nane, irudi na mfuniko wake.

Mama