Harambee ya Kurudisha Pori la Shule na Mapapai ya Watoto

Wazazi, mliosoma hapa, na marafiki wa shule yetu ya Bonde la Kerio,

Tunarudi kwenu tukiona haya, maana mabati mliyotununulia bado yanang'aa. Lakini mipapai ya shule, ile inayolipia maharagwe ya githeri ya watoto, inaangusha maua. Pita asubuhi ujionee: chini ya mipapai jike maua yametapakaa, juu hakuna hata tunda la ukubwa wa kidole.

Wako wanaosema tununue dawa. Dawa ya nini? Mpapai jike hutegemea chavua ya mpapai dume, na wanaoibeba ni wale nondo wakubwa wa jioni, wanaoelea hewani mbele ya ua huku wamechomeka mrija wao mrefu. Ua jike halina nekta, yale maji matamu ya maua, nondo huliendea kwa kudanganyika tu. Watafiti Dino Martins na Steven Johnson walichapisha mwaka 2009 utafiti wa mipapai ya Kenya: umbali wa shamba na pori, pamoja na hali ya pori lenyewe, huamua nondo hawa watafanya kazi kiasi gani.

Na pori letu la nyuma ya vyoo mnajua lilivyoisha. Kuni, makaa, mbuzi. Humo ndimo ilimokuwa mitandamboo, vile vichaka vya miiba, ambayo majani yake hulisha viwavi wa Nephele comma, nondo wa kahawia mwenye alama nyeupe ya mkato kwenye bawa la mbele. Nondo wenzao, Agrius convolvuli, hukulia kwenye viazi vitamu: yule kiwavi mnene mwenye pembe mkiani, watoto wakimwona hutimua mbio. Hachomi. Akina mama, mkimkuta mmoja msinyunyizie shamba zima.

Tunaomba Sh 95,000 za nguzo, waya na miche ya mitandamboo ya kuzungushia pori. Kila shilingi itatolewa risiti na hesabu itabandikwa mlangoni mwa ofisi. Mungu ametupa mvua, uzio hatatujengea.

Nyinyi wa Eldoret na Nairobi, matunda ya mitandamboo hiyo ndiyo yaliyowachelewesha kengele. Hatutasoma majina ya wasiotoa. Tutasoma ya waliotoa, na orodha yenyewe si ndefu.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uwanjani, baada ya maombi. Asiye na pesa aje na jembe, mashimo ni mengi.