Kabla Hujaiuza Alternata Yako kwa Kilo

Simu nyingi tunazopokea zinafanana. Taa ya betri imewaka kwenye dashibodi, gari limekuja kuzima njiani, fundi wa mtaani amesema alternata, kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, imekufa, na mwenye gari anataka kujua bei ya mpya. Tukiuliza ile ya zamani iko wapi, mara nyingi imeshakwenda kwenye mizani ya vijana wa skrepa na yeye amepewa hela ya soda. Huwa tunasikitika kidogo, maana aliyoiuza kwa kilo ilikuwa nusu ya alternata anayokuja kuinunua.

Karakana yetu iko jirani na Barabara ya Mandela, Dar es Salaam. Tunaunda upya alternata, stata (mota ya kuwashia injini) na mota za umeme, yaani tunakifungua kifaa cha zamani, tunabadilisha vinavyochakaa na kukirudisha kwenye kiwango cha kiwandani. Wateja wengi wanajua bei yetu ni karibu nusu ya bei ya kifaa kipya halisi. Wachache wanajua kwa nini, na wasiojua hudhani tunauza kitu kilichopakwa rangi. Kwa hiyo tueleze.

Alternata ya gari dogo ina kilo tano hadi saba hivi. Ganda lake ni aluminiamu. Ndani yake kuna mabati membamba ya chuma yaliyobanwa pamoja, koili za shaba, beringi mbili, dayodi zinazogeuza umeme ufae betri, regyuleta inayodhibiti chaji, na kaboni zinazosugua na kupitisha umeme. Ikifa, kwa kawaida vilivyokufa ni vile vidogo: kaboni imekwisha, beringi imeanza kulia, dayodi moja kati ya sita imeungua na chaji imeshuka. Ganda ni zima, shafti ni nzima, na yale mabati yanaweza kufanya kazi miaka mingine mingi.

Ukiipeleka skrepa, vyote hivyo vinahesabiwa kama uzito tu. Tusiwaseme vibaya watu wa skrepa, kazi yao ina faida. Kuyeyusha aluminiamu ya zamani kunatumia kama asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye mawe ya bauksiti. Lakini tanuru halijui kitu kinaitwa alternata. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, shaba kwenye 1,085, chuma ni zaidi ya 1,500, na kazi yote iliyofanywa kiwandani, kukereza, kutoboa, kupanga mabati, kuzungusha koili, inayeyuka humo humo. Kesho mtu mwingine ataanza moja, na nishati nyingine.

Ukisimama getini kwetu utaona malori marefu yakielekea bandarini yamebeba mabamba ya shaba kutoka Kolwezi na Lubumbashi huko Kongo, na kutoka Zambia, yameingilia mpaka wa Tunduma. Shaba hiyo inapanda meli kwenda Asia, na kiasi chake hurudi bandari ile ile kikiwa kimeshazungushwa ndani ya mota na alternata. Migodi mingi ya shaba duniani leo inapata chini ya kilo 10 kwenye tani nzima ya mawe. Wakongo wana bahati ya miamba tajiri zaidi, lakini hata huko mlima unachimbwa, maji yanatumika, na dizeli inachomwa safari nzima mpaka hapa. Nusu kilo ya shaba iliyomo ndani ya kifaa chako kilichokufa imeshalipiwa gharama hiyo yote.

Profesa Rolf Steinhilper wa Ujerumani, aliyeshughulika na fani hii kwa miaka mingi, aliwahi kukokotoa kwamba kuunda upya alternata kunahitaji takriban sehemu moja ya saba ya nishati ya kutengeneza mpya, na malighafi kama sehemu moja ya nane. Wafaransa wa Renault walikuwa na kiwanda kizima cha kazi hii pale Choisy-le-Roi tangu mwaka 1949, wakiunda upya injini na giaboksi. Caterpillar wa Marekani, watengenezaji wa mitambo mizito, walianza mwaka 1973. Kwa hiyo mtu akikuambia kifaa kilichoundwa upya ni mambo ya mafundi wa chini ya mwembe, mwambie akaangalie matrekta ya Wamarekani.

Sasa twende mezani. Wakati tunaandika haya kuna alternata ya Coaster, daladala, ya volti 24. Imekuja imeloa oili kwa sababu sili ya injini inavuja juu yake, na oili imeshuka mpaka kwenye kaboni ikashikana na vumbi kuwa kama uji mweusi. Aliyeifungua kabla yetu alilehemu dayodi mbili za gari jingine, moja kubwa na moja ndogo. Ilichaji, ndiyo, lakini kwa kulegalega, na mwenye gari akawa ananunua betri kila baada ya muda mfupi akilaumu muuza betri.

Inafunguliwa yote, mpaka skrubu ya mwisho. Kila kipande kinaoshwa, kisha kinapimwa: rota, ile sehemu inayozunguka, kwa mita ya omu, koili za nje kuona kama zinavuja umeme kwenda kwenye ganda, shafti kama imepinda, zile pete za shaba ambazo kaboni inasugua kama zimechimbika. Pete zikiwa na michirizi tunazikereza kidogo. Beringi, kaboni, dayodi na regyuleta hatuziulizi hali, zinawekwa mpya hata kama zile za zamani zinaonekana bado zina siku zao. Hapa ndipo tunapotofautiana na matengenezo ya kawaida. Fundi wa matengenezo anatafuta kilichokufa na kukibadilisha, na kwa hela uliyompa amefanya sawa. Kuunda upya ni kuondoa kila kinachochakaa, hata ambacho hakijafa, na kukirudisha kifaa kwenye kiwango cha kiwandani.

Mwisho inafungwa kwenye mashine ya kupimia, inazungushwa na mota, inabebeshwa mzigo kamili. Kwa volti 24 tunataka kuona kati ya 27.6 na 28.8 bila kuyumba, na amperi zifike zilizoandikwa kwenye kibati. Isipofika haitoki. Mteja akitaka kusimama aone sindano, kiti kipo.

Kuna dereva mmoja wa Fuso alitujibu bila kupepesa: "Fundi, vya kurudishiarudishia mimi sitaki. Nimeshaachwa Mikumi usiku na stata ya hivyo." Anayejua barabara ile na wanyama wake hawezi kumcheka. Tulipoifungua hiyo stata, kaboni zilikuwa mpya kabisa ila bushi zinazoshika shafti zilikuwa zimelika mpaka amecha, sehemu yake inayozunguka, ikawa inasugua kuta za ndani. Alibadilishiwa kimoja kati ya vitu viwili. Hicho ndicho watu wanachokumbuka wanaposikia neno "used", na tunakubali kwamba mtaani kuna vitu vya kuogopwa. Kuna mtumba uliong'olewa kwenye gari lililogongwa na kupigwa rangi ya fedha, unang'aa kuliko wa dukani. Njia rahisi ya kuukamata: angalia kichwa cha boliti. Kama rangi imepita juu ya boliti na kuziba mstari wa maungio ya ganda, kifaa hicho hakijafunguliwa. Kisha uliza waranti ya maandishi. Sisi tunatoa miezi sita, kwenye risiti, na namba imegongwa kwenye ganda.

Kwa upande wa hela, bei ni mwanzo tu. Alternata mpya inanunuliwa kwa dola, na dola ikipanda unaipata wewe kwenye kaunta. Yetu nayo haijakwepa dola kabisa, beringi na dayodi zinatoka nje, lakini sehemu kubwa ya unacholipa ni mikono ya watu wa hapa: wa kuosha, wa kukereza, wa kusuka koili, wa kupima. Kazi hii inataka watu wengi kuliko mashine, kwa sababu kila kifaa kinakuja na ugonjwa wake. Marekani, ambayo si nchi ya mishahara midogo, tume yao ya biashara ya kimataifa ilikadiria kuwa mwaka 2011 sekta hii ilizalisha bidhaa za dola bilioni 43 na kuajiri watu 180,000. Huko nyuma, miaka ya 1980, mtafiti Robert Lund aliieleza Benki ya Dunia kwamba nchi kama zetu zinaweza kufaidika na kazi hii. Vijana wetu wa vyuo vya ufundi vya VETA wanaihitaji leo.

Lakini si kila kitu kinafaa, na hili tunalisema hata likitupunguzia wateja. Mwaka 2011 Timothy Gutowski na wenzake wa chuo cha MIT walipitia mifano 25 ya bidhaa zilizoundwa upya wakiangalia nishati peke yake. Minane iliokoa nishati bila ubishi, sita ilipoteza, iliyobaki ilikuwa karibu sawa kwa sawa. Tatizo ni vifaa vinavyokula umeme muda wote. Friji la miaka ya 1990 ukilifufua, litaendelea kunywa umeme wa miaka ya 1990. Mota ya pampu ya kisima inayozunguka usiku na mchana nayo inabidi ipigiwe hesabu, kwani ikipoteza asilimia moja au mbili za ufanisi baada ya kusukwa, mita yako ya LUKU itakuonyesha.

Na hasara hiyo inaletwa sana na moto. Mafundi wengi hutoa koili ya zamani kwa kuichoma kwa kuni au mafuta ya taa. Ni haraka, lakini yale mabati membamba yana utando unaoyatenganisha, na joto lisilo na kipimo linauunguza. Mabati yakigusana, umeme unazunguka ndani ya chuma chenyewe na mota inakuwa ya moto hata ikisukwa na bingwa. Ndiyo sababu tuna oveni yenye kipimo na hatupiti nyuzi 360 au hapo jirani. Inachukua muda mrefu zaidi. Mteja mwenye haraka huwa tunamwazima mota nyingine. Na kwa mota kubwa ya zamani inayofanya kazi saa 24, mara nyingine tunamshauri anunue mpya yenye ufanisi wa juu, ya zamani atuachie.

Uchafu nao upo. Maji yetu ya kuoshea yana oili na vumbi la kaboni. Tunayatuliza kwenye tangi, oili inaenguliwa na kuchukuliwa na wanaokusanya oili chafu, tope linawekwa kwenye mapipa. Hatuyaachii mtaroni, ingawa mvua za masika huwa zinashawishi.

Limebaki suala la amana, ambalo huleta maneno kwenye kaunta. Kwenye risiti yetu kuna bei ya kifaa, na chini yake kuna amana ya kifaa cha zamani. Ukija na cha kwako kilichokufa, amana hulipi. Ukija mikono mitupu unailipa, na ukikileta ndani ya siku 30 unarudishiwa yote. Hatufanyi hivyo kukubana: bila maganda ya zamani hatuna cha kuunda, na kuyanunua kwa wenye skrepa mara nyingi tunayakuta yameshapigwa nyundo kutolewa shaba.

Kwa hiyo ukija nacho, usikifungue na usikioshe kwa petroli, maana petroli inalainisha vanishi ya koili. Puli iache mahali pake hata kama feni belti imekatika. Soketi ya waya ikivunjika, vipande vifunge kwenye mfuko uvilete pia, kwa magari mengine soketi ni ngumu kupatikana kuliko koili. Na tuandikie kwenye karatasi kilivyokuwa kinafanya: kililia kwanza au kilizima ghafla, taa iliwaka ukikanyaga mafuta au gari likiwa limesimama. Tuko wazi Jumatatu mpaka Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kupima ni bure.